Tai mdogo kwenye ukosi wa koti

Nimeletewa picha ya mwanamume wa Kijerumani aliyevaa suti, na kwenye ukosi wa koti ana pini ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Familia inauliza: babu alikuwa rubani?

Pini yenyewe ni ya Luftwaffe, jeshi la anga lililotangazwa hadharani Machi 1935. Anayetuambia hivyo ni tai (ndege, si ile ya shingoni). Tai wa jeshi la nchi kavu amenyoosha mabawa kama ubao na kushika shada lenye swastika ndani yake. Wa Luftwaffe yuko angani kweli: mabawa yamepinda, na swastika imeshikwa kwa mguu mmoja tu, haina shada. Akiwa na mkia ulioning'inia, huo ni muundo wa mwanzo, uliobadilishwa mnamo 1936 na 1937.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema "rubani", na mimi pia niliwahi kuteleza hivyo nilipokuwa mchanga katika kazi hii. Askari aliyekuwa likizo alivaa pini ya aina hii kwenye nguo za nyumbani, na raia aliyeajiriwa na Luftwaffe pia. Kwa hiyo suti na pini havitoshi kumtofautisha askari na raia.

Kilicho bora kwangu ni kitambaa cha mkononi. Raia waliofanya kazi pamoja na vikosi walifungwa kitambaa cha manjano chenye maandishi meusi "Deutsche Wehrmacht", yaani majeshi ya Ujerumani. Chanzo chake ni sheria: Kanuni za Hague za 1907 zilitaka alama inayoonekana kwa mbali, na Mkataba wa Geneva wa 1929 uliwapa raia wanaofuatana na jeshi haki za mateka wa vita iwapo wana kitambulisho cha kijeshi. Katika picha nyeusi na nyeupe manjano hutoka kijivu, kwa hiyo usitafute rangi, tafuta herufi.

Kisha kuna waliovaa sare bila kuwa askari. Maofisa wa utawala, Beamte, walitambulika kwa kijani iliyokolea kwenye kola. Rangi nyekundu ilikuwa ya mizinga ya kutungulia ndege, manjano ya wanaoruka na ndege, kahawia ya mawasiliano. Wasichana wa simu na ulinzi wa anga, Luftwaffenhelferinnen, walikuwa na alama zao za kazi mikononi. Sare ile haikuwafanya askari.

Tahadhari moja ya soko. Beji za NSFK, chama cha urubani cha Wanazi, zina mtu mwenye mabawa, na za Reichsluftschutzbund, chama cha kinga dhidi ya mashambulizi ya anga kilichoundwa 1933, zina nyota yenye miale. Wauzaji huzitupa zote kwenye kapu moja la "Luftwaffe". Geuza pini utazame nyuma: "Ges. Gesch." ni kifupi cha "muundo unaolindwa kisheria". Lakini hata maneno hayo huigizwa, basi tazama kingo za manyoya kwa lenzi. Zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, au zina vitundu vidogo, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa kwa mashine.

Familia nimewaomba watafute Soldbuch, kijitabu ambacho kila askari alibeba. Wamejibu hakuna, kwenye sanduku lake kuna leseni ya lori tu.