Figo inayoagiza damu: utangulizi wa mifumo ya mwili

Vitabu vingi vya anatomia huugawa mwili wa binadamu katika mifumo 11: ngozi, mifupa, misuli, neva, homoni, mzunguko wa damu, limfu pamoja na kinga, upumuaji, mmeng'enyo wa chakula, mkojo na uzazi. Ninapowafundisha wanafunzi wa uuguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ninaanza na mgawanyo huohuo, lakini sipendi kumsikia mwanafunzi akiukariri kana kwamba kila kiungo kimepewa kazi moja na kufungiwa katika sura yake. Naona afadhali kufuata kitu kimoja kinavyopita mwilini, na kwetu sisi tunaoishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kitu kinachofaa ni chembe nyekundu ya damu.

Mgandamizo wa hewa huku ni takriban asilimia 83 ya ule wa pwani. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki, ni asilimia 21 kila mahali, ila hewa yenyewe ni nyepesi zaidi, kwa hiyo pumzi moja ya Bukavu inaingiza mapafuni oksijeni kidogo kuliko pumzi ya Muanda, kando ya Bahari ya Atlantiki. Mtu anayehamia huku kutoka pwani hupumua kwa kasi zaidi na moyo wake huongeza mapigo. Baada ya hapo mwili wake huongeza chembe nyekundu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni, na agizo la kuziongeza hutoka hasa kwenye figo.

Wanafunzi hushangaa, maana figo wameisoma katika sura ya mkojo. Lakini figo mbili hupokea karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na baadhi ya chembe zake zikipungukiwa oksijeni hutoa homoni iitwayo eritropoyetini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho mwekundu, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, wa nyonga, mbavu na uti wa mgongo. Huko huzaliwa chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde. (William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi chembe zinavyotambua kiasi cha oksijeni.)

Kazi ya kutengeneza chembe hizo inahitaji miligramu 20 hadi 25 za madini ya chuma kwa siku, ilhali utumbo mwembamba hufyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kuliko cha maharage, hasa maharage yakifuatwa papo hapo na chai. Kiasi kikubwa kinachobaki hutoka kwenye chembe kuukuu zenye umri wa siku 120 hivi, ambazo humezwa na chembe za kinga ndani ya bandama, ini na uboho. Chuma chake hurudishwa kazini, na mabaki ya manjano hutolewa na ini kupitia nyongo, nayo ndiyo chanzo cha rangi ya kahawia ya kinyesi.

Kwa hiyo mgonjwa akija amepauka viganja, siwezi kujua mapema ni mfumo gani ulioharibika. Huenda malaria inapasua chembe, minyoo ya safura inanyonya damu utumboni, au hedhi yake ni nzito mno. Huenda pia figo zimechoka na hazitoi tena homoni ya kutosha. Mgonjwa huyo wa figo hatapona kwa vidonge vya chuma peke yake, bali mara nyingi atahitaji kudungwa homoni yenyewe.