Tairi la Barabarani ni Tairi Gani?

Kwa pikipiki, tairi la barabarani ni lile lililotengenezwa kutembea juu ya lami au zege. Ukilitazama utaona mpira mpana uliojaa, na mifereji michache iliyochongwa juu yake. Mwenzake, tairi la kashata, lina vipande vya mpira vilivyosimama mbalimbali ili vizame kwenye tope na mchanga. Kati ya hayo mawili yapo matairi ya mchanganyiko, yanayojaribu kuridhisha pande zote, na kama kawaida ya anayeshika mawili, kila upande hunung'unika kidogo.

Wengi hudhani meno yakiwa makubwa tairi linashika zaidi. Kwenye tope ni kweli. Kwenye lami mambo hugeuka. Jino haliwezi kuzama kwenye lami, kwa hiyo kinachoshika ni mpira wenyewe unaoigusa, na kila pengo kati ya jino na jino ni mahali ambapo mpira haupo. Tena jino refu hupinda ukifunga breki au ukilala kona, ukahisi pikipiki inachezacheza chini yako. Ndiyo maana matairi ya mashindano ya lami kavu hayana mfereji hata mmoja.

Basi mifereji ya tairi la barabarani ni ya nini? Ni ya maji. Mvua ikinyesha, maji yaliyo chini ya tairi yanatakiwa yapate pa kutokea, la sivyo tairi huelea juu yake na usukani hauna tena unachokiongoza. Tairi lililoota kipara linaweza kukudanganya kiangazi kizima, likaja kukuumbua siku ya mvua ya kwanza.

Jambo jingine linalolitofautisha tairi la pikipiki ni umbo. Gari hukata kona likiwa wima, kwa hiyo tairi lake ni bapa. Pikipiki hukata kona kwa kulala, na tairi lake lazima liwe duara kutoka ubavu hadi ubavu ili liendelee kugusa barabara hata likilala. Sehemu inayogusa, wakati wowote ule, haizidi sana kiganja cha mkono. Wapo wanaofunga tairi la gari gurudumu la nyuma kwa sababu linadumu. Linadumu kweli, ila kwenye kona hupanda juu ya ukingo wake.

Ukitaka kuchagua, usianze na sura. Anza na maandishi ya ubavuni. Tuseme umekuta 130/70-17 M/C 62H. Namba 130 ni upana wa tairi kwa milimita. Inayofuata, 70, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 91. Namba 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na M/C huthibitisha kuwa ni tairi la pikipiki. Pikipiki ndogo nyingi bado hutumia mtindo wa zamani kama 2.75-17, ambapo upana nao ni wa inchi.

Mwisho wa mstari ndipo wanunuzi wengi wasipofika. Namba 62 haimaanishi kilo 62. Ni namba ya orodha, na kwenye orodha hiyo inasimama badala ya kilo 265, mzigo wa juu ambao tairi hilo moja linaruhusiwa kubeba; 50 ni kilo 190, na 58 ni kilo 236. Herufi ni mwendo wa juu: P ni kilomita 150 kwa saa, S ni 180, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Unaweza kwenda juu ya kile alichotaja mtengenezaji wa pikipiki, lakini usishuke chini yake. Anayebeba abiria na mizigo kila siku aipe namba ya mzigo uzito kuliko herufi ya mwendo, maana mwendo wa H huenda asiufikie maisha yake yote, ila mzigo anao kila asubuhi.

Kabla ya namba ya ringi kuna alama ndogo inayosema jinsi tairi lilivyofumwa. Kistari ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimepishana kwa mshazari. Herufi R ni radiali: nyuzi zimepita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Radiali halipati joto haraka kwenye mwendo mkali, na ndilo linalofungwa kwenye pikipiki kubwa. La mshazari lina ubavu mgumu, huvumilia mzigo na mashimo, na kwa pikipiki ndogo halina upungufu wowote. Kibaya ni kuchanganya moja mbele na jingine nyuma bila ruhusa ya mtengenezaji, kwa sababu yanapinda tofauti.

Hapa niseme neno juu ya tamaa ya tairi pana. Naielewa, pikipiki hupendeza ikiwa na tairi nene nyuma. Lakini ringi haijapanuka. Tairi pana kwenye ringi nyembamba hubanwa mbavu, mgongo wake unachongoka, na ule uduara uliopimwa kiwandani unapotea. Kona zinakuwa nzito, na wakati mwingine tairi husugua cheni. Na likiwa refu kuliko la asili, na mita ya mwendo inapima kwenye gurudumu hilo, itakuonyesha pungufu ya unavyokimbia.

Kuhusu mpira wenyewe, hakuna muujiza. Mpira laini hushika vizuri na huisha upesi; mgumu hudumu na kushika kwake ni kwa wastani. Baadhi ya matairi huunganisha yote mawili: katikati pagumu, kwa kuwa ndipo panapotembea kwenye barabara iliyonyooka, na pembeni laini kwa ajili ya kona. Matairi ya mwendo kasi yana mpira unaohitaji kupata joto ndipo ushike. Mtu wa safari fupi za mjini, kusimama na kuondoka, halipashi joto hilo hata siku moja, kwa hiyo amelipia sifa ambayo haipati. Mimi ningempa tairi la safari lenye mifereji ya kutosha.

Halafu uliza umri. Mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kukaa dukani miaka, likaitwa jipya kwa sababu tu halijatembea, na huku mpira umekauka. Likunje kidogo kwa mkono. Ukiona nyufa nyembamba kwenye mifereji, rudisha.

Ubavuni pia kuna herufi TL au TT: TL ni tairi lisilotumia tyubu, TT linatumia. Ringi nyingi za spoku huvujisha upepo kwenye matundu ya spoku, kwa hiyo zinahitaji tyubu, na tyubu ibadilishwe pamoja na tairi. Faida ya lisilo na tyubu huonekana siku ya pancha: mara nyingi upepo hutoka polepole, ukapata nafasi ya kusimama.

Fundi akimaliza kufunga, tazama mshale wa ubavuni; uelekee linakozunguka gurudumu pikipiki ikienda mbele. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki au kitabu chake, tairi likiwa baridi. Ile namba kubwa ya ubavuni ni kikomo tu, na ukijaza hadi hapo tairi linakuwa gumu na kugusa barabara kidogo.

Kilomita 150 za kwanza nenda taratibu. Tairi jipya lina ngozi laini inayoteleza, na inaisha kwa kutembea, kwanza katikati, kisha pembeni kadiri unavyozidi kulala kona kidogo kidogo. Baadaye utaliona limebaki na meno pembeni na limekuwa bapa katikati. Hapo usisubiri meno ya pembeni yaishe. Tafuta vile vinundu vidogo ndani ya mifereji, mara nyingi vinaelekezwa na herufi TWI ubavuni. Mpira wa katikati ukishalingana navyo, tairi limekwisha.