Soni si aibu

Mswada mwingine umetua mezani kwangu, na ukurasa wa tatu tu bibi harusi "amejaa aibu". Nikamuuliza mwandishi, kafanya nini? Akashangaa. Hajafanya kitu, ana soni tu, na soni si ndiyo aibu? Nimeshaambiwa hivyo mara nyingi mno, na waandishi chipukizi na hata na walimu wao.

Soni si aibu. Najua kamusi huyaeleza maneno haya moja kwa jingine, msomaji akadhani ni sare. Aibu kwa asili ni ila, dosari. Kiarabu ilikotoka kinasema hivyohivyo. Nayo ipo hata mwenyewe asipohisi chochote. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Maiti hahisi lolote, lakini aibu anayo, na ndiyo maana mwosha mwema hufunga kinywa. Sasa jaribu kumpa maiti soni! Haiwezekani, kwa kuwa soni hukaa moyoni mwa aliye hai. Ndiyo humshusha mkwe macho mbele ya mama mkwe, ikamfanya kijana azime sigara wazee wakipita, ikamshibisha mgeni kwa matonge mawili. Soni hutangulia tendo, na mara nyingi hulizuia. Aibu huja nyuma, watu wakishajua.

Haya, ndugu wa karibu wa soni, imesifiwa hadi katika Hadithi ya Mtume: haya ni sehemu ya imani. Iondoe, uweke aibu mahali pake, usikie sentensi inavyoporomoka. Kwa hiyo dawa yangu ni moja, na waandishi wangu wameichoka: kabla ya kuandika aibu, mtafute mhusika dosari. Ukiikosa, andika soni, haya au staha. Mazungumzoni simkatazi mtu kusema mwanawe "ana aibu" akijificha nyuma ya khanga ya mamake; kila mtu anasema hivyo, nami nasema. Lakini kwenye hadithi, bibi harusi aliyejaa aibu kwangu ni bibi harusi aliyefumaniwa.

Wengine hudai soni ni Kiarabu, eti kwa sababu imezoea kuandamana na haya. Haya ndiyo ya Kiarabu. Soni ni Kibantu kitupu: Kinyarwanda na Kirundi wana isoni, Kiganda ensonyi, Kilingala nsoni, na Kizulu, mbali huko kusini, izinhloni. Kikikuyu ni thoni, na humohumo mna Muthoni, jina la mabinti wengi wa Kenya, ambalo maana yake ni mkwe. Kwa nini mkwe? Kwa sababu mkwe ndiye unayemstahi kuliko wote, ukapima maneno na hata namna ya kukaa mbele yake. Wanaong'ang'ania kwamba soni ni fedheha waniambie nani humpa binti yake jina la fedheha.

Soni ni woga? La. Mwoga anaogopa kuumia. Shujaa wa vita anaweza akaona soni kumwomba jirani chumvi.

Kwamba neno lenyewe limekufa, hilo huambiwa na watu walewale wanaoandika kuwa mwanasiasa fulani alidanganya "bila haya wala soni". Limebaki zaidi kwenye kukanusha, nakubali: hana soni, bila soni. Bado unaweza kuona soni, kushikwa na soni, kumtia mtu soni. Kitenzi chake chenyewe hakuna, kwa hiyo tafadhali msinitungie "kusonika".

Na tahayari haikuzaliwa na haya, ingawa sikio linadanganya. Mzizi wake ni wa kuduwaa, kukosa la kufanya. Unamsengenya mtu, unageuka, kumbe yupo mlangoni anasikiliza: hapo umetahayari.