Kupanda Sanje kwa masikio

Mgeni akishaingia njia ya Sanje, ile inayopanda hadi maporomoko ya maji, haipiti robo saa kabla hajaniuliza: "Sasa wanyama wako wapi?" Simlaumu. Amezoea mbuga za nyasi, gari likisimama simba huyo hapo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa hapa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara ya kumpitisha mtalii katikati ya msitu. Ni miguu tu, na uoto umeshonana kiasi kwamba tembo anaweza kukusikiliza unavyohema bila wewe kumwona. Humu mnyama husikika kwanza.

Kwa hiyo mwanzo wa safari nakataza maneno. (Pia nawaambia wachomeke suruali ndani ya soksi. Asiyesikia hilo, siafu watamweleza.)

Sikiliza juu. Mbega mwekundu akiruka, tawi linabonyea, linarudi kwa kishindo, majani yanamwagika. Kima ni mwepesi zaidi, utasikia kama upepo umepita mti mmoja tu. Lakini tawi likivunjika chini, upande wa bonde, mguu wako usimame hapo hapo. Mavi ya tembo tunayaruka kila mara kwenye njia hii, tembo wenyewe ni nadra kuwaona.

Juzi tulimkuta mbega jike kwenye tawi lililoinamia njia. Utosi wake ni wa rangi ya kutu, kama kofia iliyopauka kwa jua. Nikamwambia mgeni ahesabu vidole vya mkono: vinne. Gumba limebaki kinundu tu, na vile vinne vinafanya kazi ya ndoano. Alikuwa akichagua majani machanga, vikonyo anaviachia vinatudondokea kichwani. Mara akabeua, beu la mtu mzima aliyeshiba pilau. Tumbo lake lina vyumba, na humo bakteria huchachusha majani. Gesi lazima itafute njia.

Mnyama ninayempenda zaidi ni ngolaga, jamaa wa nyani anayeitwa pia mangabei wa Sanje. Mlio wake wa mbali ni "huu" moja nzito, kimya kidogo, halafu mgugumio unaoporomoka kama wa bata mzinga. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers waliusikia katika msitu huu, na ndipo sayansi ikajua kuna mnyama huyu. Wenyeji wa Sanje walikuwa na jina lake siku zote. Duniani kote anaishi Udzungwa tu. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa safu za milima wa Tanzania na kusini mwa Kenya; hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, hivyo hata zama ambazo maeneo ya jirani yalikauka, misitu yake ilibaki kijani, na viumbe wake wakabadilika peke yao, kila safu kivyake. Ngolaga hushinda sana chini, akifukua majani makavu kutafuta mbegu. Ukisikia watu wanafagia msituni, si watu.

Maporomoko yenyewe yanashuka zaidi ya mita 170, kwa hatua tatu. Uzuri wake hauhitaji maelezo yangu: bwawa la kuogelea la baridi kali, na ukigeuka unaona bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa hadi upeo wa macho. Ila pale masikio hayana kazi. Maji yanafunika kila kitu, na mara mbili nimeshuhudia mbega wakipita juu ya vichwa vya watu wanaopiga picha bila mmoja wao kujua.

Wakati wa kushuka, masikio hurudi taratibu. Kwenye kona moja tulisikia kitu kikipiga majani makavu, pa, pa, pa, hatua chache mbele yetu. Mgeni, yule yule wa swali la asubuhi, akaninyooshea mkono nisimame. Alikuwa sange, mnyama mdogo wa pua ndefu kama mkonga mdogo, anapiga mkia chini kutuonya kwamba ameshatuona.