Ukisema "sihitaji risiti", punguzo analipata nani?

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 na haina bandari. Shehena ikishushwa Dar es Salaam, ina zaidi ya kilomita 1,400 za barabara kabla ya kufika Kigali. Nchi kama hii haina milango mingi ya kukuzia uchumi. Mwaka 2012 wafadhili kadhaa walisimamisha misaada, wananchi wakachangishana kwenye mfuko wa Agaciro. Mwaka 2016 ushuru wa mitumba ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo ili viwanda vya nguo vya ndani vipumue. Julai 2018 Marekani ikaziondolea nguo zetu nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kama uamuzi ule wa mitumba ulifaa au haukufaa, si jambo la idara yangu ya kodi. Ila misaada ina wenyewe, na masoko ya nje nayo yana wenyewe. Kodi ya ndani ni yetu, na ndiyo maana tangu 2013 tunasumbuana kuhusu EBM, mashine ya kutoa ankara za kodi.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mabati yako ni faranga 118,000, na humo TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 ni 18,000. Muuzaji anainamia kaunta na kunong'ona: "Bila EBM nakupa kwa 110,000." Unashukuru, unapakia, unaondoka. Amekupa 8,000, kabaki na 10,000. Zote 18,000 zilikuwa za barabara uliyopitia kwenda dukani.

Tena kuna wanaotuandikia wakidai tumewaongezea kodi. Jamani, hakuna aliyeongezewa kitu. Kodi ilikuwa ndani ya bei siku zote.

Sheria inavyosimama, mlaji wa mwisho, yaani anayenunua kwa matumizi yake, anayedai ankara ya EBM hurudishiwa asilimia 10 ya TVA iliyomo. Kwa mabati yale ni faranga 1,800. Kwanza ujisajili, kisha umtajie muuzaji namba yako ya simu kabla hajatoa ankara, maana akishaitoa bila namba, mfumo haukujui. Malipo hufanywa kwa robo mwaka, kwa hiyo kupiga simu kesho yake asubuhi hakusaidii. Ukinunua kwa jina la biashara yako, zawadi hii haikuhusu. Wewe una utaratibu wako wa kudai TVA ya manunuzi.

Muuzaji aliyesajiliwa TVA akikunyima ankara, faini yake ni mara kumi ya TVA iliyokwepwa. Hapo ni faranga 180,000. Akirudia ni mara ishirini, yaani 360,000. Aliyetoa taarifa hupewa nusu ya faini: 90,000 kwa kosa la kwanza, 180,000 kwa la kurudia. Taarifa ikaguliwe na kuthibitishwa kwanza. Hasira ya mteja peke yake si ushahidi. Andika tarehe, jina la duka, ulichonunua na kiasi ulicholipa, na uhifadhi ujumbe wa malipo ya simu (Momo).

Soma pia kiasi kilichoandikwa kabla hujatoka mlangoni. Umelipa 118,000 na ankara inasema 11,800? Hilo nalo ni kosa, na mara nyingi mteja hulibaini akishafika nyumbani.

Na karatasi ya kuandikwa kwa mkono, hata iwe na mihuri mitatu, si EBM.