Dinari ya Roma: maana yake na namna ya kuisoma

Dinari ni sarafu ya madini ya fedha iliyoanza kutengenezwa Roma mnamo 211 KK, wakati wa vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Karthago. Kwa Kilatini ni denarius, yaani "ya kumi", kwa kuwa mwanzoni ilibadilishwa kwa sarafu kumi za shaba. Neno hilo tumelipata kupitia Kiarabu, na wengi wetu tumelikuta katika Injili: sarafu ya kodi aliyoletewa Yesu ilikuwa dinari.

Sarafu hiyo kwa kawaida huhusishwa na ile ya Kaisari Tiberio (14–37 BK), mtawala wa Roma, iliyotengenezwa Lugdunum, leo Lyon, Ufaransa. Uzito wake ni gramu 3.7 hivi. Mbele ni kichwa cha Kaisari chenye taji la majani ya laureli, kimezungukwa na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. V husomwa U, na F ni kifupi cha "mwana". Maana yake: Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto wa kimungu. Kiini cha ujumbe wa sarafu kimo katika DIVI, "wa kimungu". Seneti, baraza kuu la Roma, ilimtangaza Augusto, Kaisari aliyemtangulia Tiberio, kuwa mungu alipofariki mwaka 14, na Tiberio, mwanawe wa kupanga, akaitumia heshima hiyo kuhalalisha kiti chake. Nyuma pameandikwa PONTIF MAXIM, kuhani mkuu, na mwanamke ameketi na fimbo ya enzi na tawi. Wengi humwona kuwa Livia, mama wa Kaisari, ingawa jina lake halipo.

Angalia taji kabla ya kuita sarafu dinari. Likiwa na miale kama ya jua, hiyo kwa kawaida si dinari bali ni sarafu kubwa zaidi aliyoianzisha Kaisari Caracalla mwaka 215 BK.

Kila dinari iligongwa kwa nyundo, fedha ikiwa katikati ya mihuri miwili. Mkono ukiyumba kidogo, picha ilikaa pembeni na herufi zikakatika. Hilo peke yake halithibitishi ughushi. Tilia shaka mshono ukingoni au vitundu vya mapovu, dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Warumi wenyewe walighushi pia: kiini cha shaba kilifunikwa ngozi nyembamba ya fedha. Hizo huwa nyepesi, na ngozi ikipasuka hutoka kutu ya kijani. Ndiyo maana dinari nyingine zina mkato wa patasi: aliyeipokea alitaka kuona ndani.