Ninachotafuta Ninapokagua Kiendeshi cha Kihisi Mwanga

Wahandisi chipukizi wa hapa Nairobi wanaponiletea msimbo wa kiendeshi cha kihisi mwanga, yaani programu inayowezesha kompyuta kutumia kifaa kinachopima mwanga, kwa kawaida huwa wamekwisha kukielekeza dirishani, wakakifunika kwa kiganja, wakaona namba ikipanda na kushuka, na wakaridhika kwamba kazi imekamilika. Mimi huanzia hapo. Kiendeshi kilichokwama hujulikana mara moja. Kinachonitia wasiwasi ni kile kinachotoa namba isiyo kweli yenye sura ya kipimo halali.

Nichukue mfano wa BH1750, kihisi kidogo kinachowasiliana na kompyuta kwa njia ya I2C, yaani mawasiliano ya nyaya mbili. Kwanza hutazama mahali matokeo ya usomaji yanapohifadhiwa. Katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, fanksheni ya kusoma baiti mbili kwa pamoja hurudisha namba hasi panapotokea hitilafu. Mwandishi akiitia moja kwa moja katika kigeu cha biti 16 kisichokubali namba hasi, hitilafu ya -5 hugeuka kuwa 65,531, ambayo ikigawanywa kwa 1.2, kama mtengenezaji anavyoelekeza, hutoa takriban luksi 54,609 (luksi ni kizio cha mwangaza). Huenda waya umelegea, na mtumiaji anaambiwa kuna jua kali! Msimbo wa namna hiyo huurudisha, hata kama mengine yote yamenyooka.

Mpangilio wa baiti nao hukaguliwa, kwa kuwa kihisi hiki hutanguliza baiti ya juu, yaani ile yenye uzito mkubwa katika namba. Kuhusu kugawanya kwa 1.2, kerneli haifanyi hesabu za desimali kwa kawaida, kwa hiyo kiendeshi kizuri hutoa namba ghafi, yaani ile iliyotoka kwenye kihisi kabla ya hesabu, pamoja na kizidishi cha 0.833333, kilichoandikwa kama namba nzima na sehemu za milioni.

Suala ninalolishikilia zaidi ni kikomo cha juu. Kwa mipangilio ya awali, kihisi hiki hakiwezi kuvuka luksi 54,612, ilhali Nairobi, iliyo nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana mbingu zikiwa safi huweza kupita luksi 100,000. Kiendeshi kilichojaribiwa ofisini hakitaonyesha kasoro hiyo kamwe. Dawa yake ni kupunguza muda wa kupima, yaani kushusha thamani ya rejista husika, yaani nafasi ndani ya kihisi inayohifadhi mpangilio huo, kutoka 69 hadi 31, na kikomo kitapanda hadi takriban luksi 121,556. Lakini muda ukibadilika, kizidishi lazima kibadilike pamoja nao, na hapo ndipo ninapodai kufuli, yaani kinga inayoruhusu programu moja tu kwa wakati mmoja: programu moja ikibadilisha muda wakati nyingine inasoma, namba ghafi ya muda wa zamani inaweza kuzidishwa kwa kizidishi kipya, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea. Muda wa kusubiri pia hurefuka au kufupika kwa uwiano huohuo. Waraka wa mtengenezaji unataja milisekunde 120 kwa kawaida na 180 kwa juu kabisa, nami hukubali ile ya juu pekee, kwani anayesoma mapema anaweza kupewa kipimo kilichopita.

Mwisho hutazama usajili wa kifaa, yaani hatua ya kukitangaza kwa programu nyingine, ambao sharti uwe hatua ya mwisho ya uanzishaji, maana programu za watumiaji zinaweza kuanza kusoma papo hapo, hata kabla kihisi hakijawashwa.